Unahama jimbo Marekani? Kaa chini na hesabu hizi za kodi, kazi na hali ya hewa kwanza

Februari moja niko nje ya apatimenti pale Brooklyn Park, Minnesota, saa kumi na moja alfajiri, nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki maana kile kikwangulio chenyewe kilishavunjika, simu inaita. Shemeji yangu wa Texas, ndo anatoka shifti ya usiku. "Shem, we bado uko kwenye friji? Njoo huku bwana, huku hakuna kodi!" Nikamwambia nitakupigia, vidole vimekufa. Lakini lile neno likanikaa, na miaka miwili baadaye tukahama kweli, mimi na mama watoto na vijana wetu wawili.

Sijutii. Ila nusu ya niliyoambiwa kabla ya kuhama haikuwa kweli, na nusu nyingine ilikuwa kweli kwa aliyeniambia, sio kwangu. Kwa hiyo naandika hapa kwa ajili ya sisi tunaolipwa kwa saa, CNA (wasaidizi wa manesi), manesi, madereva wa malori, wabeba maboksi, na wachache wa IT, hatua kwa hatua, chukua daftari.

HATUA YA 1: Fungua slipu yako ya mshahara

Sio ya kukumbuka kichwani, ifungue kabisa. Utaona mistari kadhaa ya makato. Kodi ya mapato ya serikali kuu, hiyo unalipa popote uendako. Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali) asilimia 6.2, popote. Medicare (bima ya afya ya wazee) asilimia 1.45, popote. Alafu kuna mstari mmoja wenye herufi mbili za jimbo lako, MN, OH, MD, GA. Huo ndo mstari pekee watu wanaouzungumzia wakisema "huku hakuna kodi". Nimekutana na watu wazima na akili zao wanaamini ukihamia Texas unabaki na mshahara mzima, nikamwomba shemeji anitumie picha ya slipu yake nikamwonyesha, akanyamaza kidogo.

Majimbo yasiyokata kodi ya mapato kwenye mshahara ni tisa: Texas, Florida, Washington, Tennessee, Nevada, South Dakota, Wyoming, Alaska na New Hampshire. Yaliyobaki yanatofautiana sana. California ngazi ya juu kabisa inafika asilimia 13.3 (ila hiyo ni ya mamilionea, usitishike), Minnesota inaanzia 5.35 mpaka 9.85, Pennsylvania ni 3.07 kwa kila mtu, Iowa toka 2025 ni 3.8 kwa kila mtu.

Sasa angalia mtego huu ambao wengi hawauoni: kuna miji na kaunti zinakata na zenyewe. Columbus, Ohio, ambako Waswahili tumejaa, mji wenyewe unachukua asilimia 2.5 ya mshahara. Louisville, Kentucky, mkazi anakatwa 2.2. Maryland kila kaunti ina yake. Philadelphia kodi ya mji ni kubwa kuliko hata ile ya jimbo. Kwa hiyo ukiulizia jimbo tu bila kuulizia mji utakuwa umeuliza nusu swali.

Tupige mfano. Mtu na mkewe, hawana watoto, kila mmoja analipwa dola 25 kwa saa wakati wote, yaani 52,000 kwa mwaka, jumla 104,000. Minnesota itawakata kodi ya jimbo kama dola 4,300 hivi kwa mwaka, Texas sifuri. Andika hiyo 4,300 juu ya ukurasa maana tutaila kipande kipande.

HATUA YA 2: Tafuta jimbo linapatia wapi hela yake

Barabara zinajengwa, walimu wanalipwa, kwa hiyo hela inatoka mahali. Asipokushika mlangoni atakushika dirishani.

Dirisha la kwanza ni kodi ya mauzo, ile inayoongezwa dukani ukifika kwa keshia. Tennessee ni asilimia 7 ya jimbo kabla kaunti haijaongeza yake, na mpaka chakula cha kupika nyumbani kinatozwa asilimia 4 ya jimbo, unga, mchele, vyote. Seattle ukijumlisha yote inapita 10. Texas ni 6.25 na miji inaruhusiwa kufikisha 8.25, ila vyakula vya kupika havitozwi. Na kwa haki tuseme ukweli, Minneapolis ukijumlisha inapita 9, ingawa nguo na chakula havimo, kwa hiyo hapo Texas haikupigi. Oregon, Montana, Delaware na New Hampshire hazina kodi hiyo kabisa. Ndo maana kuna watu wanaishi Vancouver ya Washington wanavuka daraja kwenda kununua vitu Portland. Ujanja mzuri, ila ukivuka kwenda kufanya KAZI Portland, Oregon inakukata kodi ya mapato kwa hela uliyoichuma kule, usije ukasema hukuambiwa.

Dirisha la pili ndo kubwa, kodi ya majengo. (Sio kodi ya nyumba tunayoijua sisi, ile ya kumlipa baba mwenye nyumba, hapa naongelea ya mwenye nyumba kuilipa serikali.) Texas wanaipenda hii. Tuseme umenunua nyumba ya dola 300,000 unayoishi mwenyewe. Shule zinachukua sehemu yao, tuseme asilimia 1.1, ila ukijaza fomu ya homestead (punguzo la nyumba unayoishi mwenyewe) wanakuondolea 140,000 kwenye thamani kwa upande wa shule, inabaki 160,000, hapo ni 1,760. Mji, kaunti, hospitali na wengine tuseme 0.9 kwa thamani yote, hapo 2,700. Jumla 4,460. Unaikumbuka ile 4,300 yetu? Bila shaka Minnesota nako kuna kodi ya majengo, kwa hiyo sio kwamba yote imeliwa, lakini umeona inavyoyeyuka.

Na hiyo homestead haiji yenyewe, unaijaza kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti, ni bure, ukiona barua inakuambia ulipe hela wakujazie, tupa.

Kuna jamaa yangu alinunua nyumba mpya kabisa kwenye mtaa mpya nje ya Houston. Mwaka wa kwanza malipo ya benki yalikuwa mazuri sana, anatamba. Kumbe mwaka ule kodi ilipigwa kwa kiwanja kitupu, nyumba ilikuwa haijaisha Januari mosi. Mwaka wa pili ikapigwa kwa nyumba nzima, na mitaa mipya mingi ina tozo ya ziada ya maji na barabara juu yake, benki ikamwandikia kwamba akaunti ya kodi ina pengo na malipo ya mwezi yanapanda kwa zaidi ya dola 600. Aliniletea barua nimsomee, akidhani ni utapeli. Haukuwa utapeli. Ukinunua nyumba mpya uliza kodi ya nyumba ILIYOKAMILIKA, na uliza kwa maandishi.

Unapanga? Kodi ya majengo imo ndani ya renti yako, huioni tu.

Dirisha la tatu ni la vitu unavyoviacha, na hili kwa familia zetu zenye watoto wengi na kipato kidogo ndo la kuangalia kuliko yote. Minnesota inampa mzazi wa kipato cha chini mpaka dola 1,750 kwa kila mtoto wakati wa kufaili kodi (kupeleka hesabu ya kodi ya mwaka), na mpangaji anaweza kurudishiwa sehemu ya renti kwa ile karatasi ya CRP, ya kuthibitisha renti uliyolipa, anayotoa mwenye nyumba. Mama mwenye watoto wanne anayelipwa kidogo, Minnesota haimchukulii kodi, INAMLIPA. Akihamia Texas kukimbia kodi atakuwa amekimbia hela. Kadiri mshahara unavyopanda ndo mambo yanageuka, kwa hiyo ushauri wa daktari au mtu wa IT usiuchukue mzima mzima kama we ni mfanyakazi wa ghala.

HATUA YA 3: Kazi, na usiulize tu "kazi zipo?"

Kazi zipo kila mahali. Uliza inalipa ngapi kwa saa, leseni yangu itafanya kazi, na nikiugua au nikipunguzwa inakuwaje.

Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 na hakijasogea tangu 2009. Texas na Tennessee wanakaa hapo hapo. Mwaka 2025 Minnesota ilikuwa 11.13 na Washington 16.66. We unaweza kusema mi silipwi kima cha chini, sawa, lakini sakafu ikiwa chini na mishahara ya juu yake inakaa chini, hasa kazi za kulea wazee na walemavu ambazo ndo zetu. Mke wangu ni CNA, tulipohama mshahara wake ulishuka dola 4 kwa saa. Nne inaonekana ndogo ukiitamka. Zidisha kwa saa 2,080 za mwaka ni dola 8,320. Kodi tuliyookoa ilikuwa nusu ya hapo! Hili ndo kosa letu kubwa na lilitokana na kutokupiga simu mbili tatu kabla.

Namna ya kuangalia: ingia bls.gov, tovuti ya serikali ya takwimu za kazi, tafuta mishahara kwa kazi na kwa mji, sio kwa jimbo, maana Texas ya El Paso sio Texas ya Dallas. Alafu omba kazi kabla hujahama, hata kama huitaki, ili uone wanakuandikia ngapi.

Leseni sasa. Manesi, yaani RN na LPN, kuna mkataba wa majimbo zaidi ya 40 ambapo leseni moja inafanya kazi kote. Texas, Florida, Ohio, Washington wamo. Minnesota, California na New York hawamo. Ukitoka jimbo lililomo kwenda lingine lililomo una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Ukitoka Minnesota unaanza kuomba upya, kwa hiyo anza miezi kabla, usifike ukakaa nyumbani unakula akiba ukisubiri alama za vidole. CNA hawamo kwenye mkataba huo, kila jimbo lina daftari lake na unaomba kuhamishiwa jina, hakikisha jina lako halijakwisha muda kule unakotoka. CDL (leseni ya malori) unabadilisha ndani ya siku 30, na kama una ruhusa ya mizigo ya hatari huenda ukafanya tena mtihani wa maandishi.

Wa IT mnaofanya kazi nyumbani, muulize bosi kwa maandishi kama kampuni imesajiliwa jimbo unalokwenda, na kama atakushusha mshahara kwa sababu ya mji. Na kama ofisi iko New York jueni New York inaweza kuendelea kukukata kodi hata ukiwa umekaa zako Florida na kaptula.

Ukipoteza kazi: Florida malipo ya kukosa kazi hayazidi dola 275 kwa wiki, na uchumi ukiwa mzuri ni wiki 12 tu. Minnesota zinaweza kufika wiki 26.

Ukiugua: hapa tafadhali soma polepole. Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) HAIHAMI na wewe, unaifunga kule unaomba upya huku. Na Texas, Florida, Tennessee na majimbo mengine kadhaa hayajaipanua, maana yake mtu mzima mwenye afya asiye na watoto hapati hata awe hana senti, na mzazi anapata tu akiwa fukara kabisa. Minnesota kuna MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wanaozidi kidogo kipato cha Medicaid. Kama una kisukari au presha, au mama anaishi na wewe, mstari huu unaweza kuwa mzito kuliko kodi zote za hapo juu.

HATUA YA 4: Hali ya hewa ni bili

Watu wanaongea hali ya hewa kama ni suala la kupenda, "mi napenda jua". Andika kwa dola.

Minnesota najua. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 33 za Celsius chini ya sifuri, mpaka posta walisimamisha kupeleka barua. Unatoka nje manyoya ya puani yanaganda, gari unaliwasha linakohoa kama mzee wa kahawa, chumvi ya barabarani inatafuna chini ya gari mpaka fundi anakuonyesha tundu. Betri, matairi, makoti ya watoto kila mwaka maana wanakua, gesi ya kupasha nyumba. Lakini pia nyumba zimejengwa kwa baridi, ndani unakaa na fulana, na sheria inakulinda kati ya Oktoba na Aprili, ukiongea na kampuni ya gesi au umeme na kuweka mpango wa kulipa hawakukatii joto.

Texas joto, hilo mnalijua, Houston ni Dar ya Desemba isipokuwa hakuna upepo wa bahari unaokufikia. Umeme ndo shughuli. Sehemu kubwa ya Texas unachagua kampuni ya umeme mwenyewe, na mimi nilichagua ile ya bei ya chini kabisa kwenye orodha, nikajiona mjanja. Julai bili ikaja kawaida. Aprili iliyofuata tukatumia kidogo, uniti 960, bili ikawa KUBWA kuliko mwezi tuliotumia 1,000. Nikadhani mita mbovu. Kumbe kwenye maandishi madogo kulikuwa na punguzo la dola 100 linalokuja ukifikisha uniti 1,000, chini ya hapo hupati, yaani ningewasha kiyoyozi siku moja zaidi ningelipa kidogo. Kwa hiyo tumia powertochoose.org ambayo ni ya serikali ya jimbo, alafu fungua ile karatasi ya bei ya kila mpango uone inasoma ngapi kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Kama namba tatu zimepishana sana, pita.

Na usidhani baridi haifiki. Februari 2021 Dallas ilishuka mpaka nyuzi 19 chini ya sifuri, umeme ukakatika kwenye nyumba zaidi ya milioni 4, jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Sisi tunaotoka Minnesota tuna makoti, majirani zetu hawana.

Bima: ukinunua nyumba Texas angalia kifungu cha upepo na mvua ya mawe, mara nyingi unalipa mwenyewe asilimia 1 au 2 ya thamani ya nyumba kabla bima haijatoa kitu, kwa nyumba ya 300,000 asilimia 2 ni dola 6,000. Mafuriko hayamo kwenye bima ya kawaida ya nyumba popote Marekani, waliokumbwa na kimbunga Harvey Houston 2017 wengi walijua hilo maji yakiwa kiunoni. Bima ya mafuriko ya serikali ni ya pembeni na kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30, huwezi kuikimbilia kimbunga kikiwa kwenye TV. Weka anwani ya nyumba kwenye ramani ya mafuriko ya FEMA (idara ya maafa ya serikali kuu) kabla ya kulipa hata dola. Florida bima ya nyumba ndo inayowarudisha watu walikotoka, ombeni bei kwa anwani halisi.

Phoenix 2023 walipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kuendelea. Seattle hakuna baridi kali wala joto sana, ila Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni na wiki nzima hulioni, kuna wenzetu linawaingia kichwani, na ngozi zetu daktari atakuambia vitamini D. Kwa wanaofunga, Ramadhani ikiangukia majira hayo kule ni mteremko.

HATUA YA 5: Nenda ukaone mwezi mbaya

Usiende Texas Machi wala Minnesota Julai, hayo ni maonyesho. Nenda Dallas Agosti, Minneapolis Januari. Kaa siku nne kwa ndugu, endesha gari saa kumi na mbili asubuhi kutoka mtaa unaoutaka mpaka kazini uhesabu na barabara za kulipia, Dallas na Houston zimejaa. Omba bei ya bima ya gari kwa zip code (namba ya posta ya mtaa) mpya. Uliza gharama ya kulelesha mtoto. Na tafuta watu wako wako wapi, msikiti, kanisa, chama cha kuzikana, maana siku ya msiba kule nyumbani utahitaji watu wa kukaa na wewe sebuleni.

HATUA YA 6: Ukurasa mmoja, safu mbili

Jimbo la sasa na jimbo jipya. Kwa mwaka, sio mwezi: mishahara ya wote wawili kama ilivyoandikwa kwenye barua za kazi, toa kodi zote za jimbo na mji, toa renti au nyumba pamoja na kodi yake na bima, umeme na gesi, bima ya gari, barabara za kulipia, bima ya afya, ongeza unachorudishiwa na jimbo. Yetu mwaka wa kwanza ilitoka hasi dola elfu tano na kitu. Ningejua ningehama tu? Nadhani ndiyo, ningemtafutia mke kazi kwanza. Mama alikuja kutoka Tanga Desemba iliyopita, akakaa kibarazani na kanga anachambua mchicha, Minnesota alikaa miezi mitatu dirishani akiniuliza jua linauma au halifanyi kazi. Hiyo sikujua niiandike safu gani.

HATUA YA 7: Tarehe, maana hapa ndo watu wanapigwa faini

Gharama za kuhama huwezi kuzitoa kwenye kodi ya serikali kuu tangu 2018, isipokuwa wanajeshi na, toka 2026, watu wa ujasusi. Ukikodi watu wa kuhamisha, hakiki namba yao ya USDOT (usajili wa wizara ya uchukuzi), na kama walikupa makadirio tu hawaruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 110 ya hayo ili washushe mizigo.

Kama si raia, toa taarifa ya anwani mpya USCIS (idara ya uhamiaji) kwa fomu ya AR-11 ndani ya siku 10, hii usicheze nayo. Unataka kuomba uraia? Lazima uwe umekaa jimbo jipya miezi 3 kabla ya kutuma, kwa hiyo kama umebakiza kidogo, pengine tuma kwanza. Texas leseni ya udereva una siku 90 lakini kusajili gari ni siku 30, Washington vyote 30, California leseni siku 10. Bima ya afya unayonunua kwenye soko la serikali (Marketplace) dirisha ni siku 60 toka uhame. Mtoto anayekwenda chuo, Texas ada ya mkazi inahitaji miezi 12, hamia kabla hajafika kidato cha mwisho.

Na Aprili utafaili majimbo mawili kama mkazi wa nusu mwaka, hata kama jimbo jipya halina kodi lile la zamani linataka sehemu yake. W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) ikija angalia kisanduku cha 15 mpaka 17. Yangu iliandika mwaka mzima MN wakati toka Juni nilikuwa napakia maboksi Fort Worth chini ya kampuni ile ile, ofisi haikubadilisha anwani. Ukikuta hivyo usifaili, waandikie wakutolee W-2c, yaani W-2 iliyosahihishwa, nami ilichukua wiki sita na barua pepe tisa, ila zile dola 1,140 zilirudi.